Talaka Rejea

Kidonge changu cha waridi, nimekuacha.
Talaka moja, si tatu, usipige kelele.
Najua, kwetu mke haandiki talaka.
Hii nimeandikiwa, na Daktari Shemboza wa Bombo,
kwa kalamu ya buluu, mwandiko wa kuku:
siku tano kabla ya kisu, asimeze.

Miaka kumi na moja hatujalala mbali.
Wewe ulimini saa tatu ya usiku,
mimi na valvu yangu ya chuma ikigonga kifuani
hata Mwanasiti, alipokuwa mdogo, akaniita Mama Saa.
Umenipimia mboga kama mama mkwe:
kisamvu kijiko, matembele kijiko,
leo kama jana, jana kama juzi.
Pale Barabara ya Nane, nikijidunga kwa cherehani,
sare ya mtoto wa watu hupata doa
kabla sijapata kitambaa.

Wanasema damu nzito kuliko maji.
Waje wanione mimi.
Yangu nyepesi kuliko chai ya mwisho wa mwezi,
na hunitoka kana kwamba imeajiriwa,
kwa ajili ya uvimbe huu wa kizazi, wapangaji watatu
wanaokaa bila kodi.
Nikikumeza, watanipasua nivuje kama ndoo mbovu.
Nikikuacha, tone litaganda kwenye valvu,
lipande kichwani,
linikate ulimi upande mmoja.
Nashona ukingoni mwa pindo:
uzi ukienda kushoto nguo imeharibika,
ukienda kulia vilevile.

Siku ya kwanza sikuhisi kitu. Hilo ndilo lililonitisha.

Ya pili, Bi Mgeni wa nyumba ya pili
kaleta unga wa mlonge na kitunguu saumu katika asali.
"Husafisha damu, shoga, we kunywa tu."
Nilimshukuru. Nikaviweka juu ya kabati, ubavuni mwako,
mkae eda pamoja.

Ya tatu akaingia mwingine:
sindano, asubuhi na jioni, chini ya kitovu.
Usione wivu. Si muhalili, talaka ni moja;
huyu mlinzi wa zamu tu.
Mwanasiti alijifunzia kwenye chungwa la Muheza.
Machungwa sita aliyadunga maji, tukayala yote.
Mkono haukumtetemeka kwa chungwa.
Kwangu ulitetemeka.
Sasa tumbo limeota mavilio, zambarau na kijani,
ramani ya wilaya nisiyowahi kufika.

Na shemeji Mbaruku,
tulionuniana tangu kile kiwanja cha Pongwe,
alisikia natafutiwa wa kunichangia damu.
Kaja na shati lake la Ijumaa, siku ya Jumanne.
Hakusema neno. Kakunja mkono, katoa chupa moja,
kanywa soda aliyopewa, kaondoka.
Sijui kama tumepatana
au tumechangiana tu.

Usiku huu niko wodini.
Namba yangu imeshuka: moja nukta tatu.
Nesi kauliza mara nne, "Sindano ya mwisho lini?"
Mara nne Mwanasiti kafungua daftari,
ingawa anaijua kwa kichwa: leo, saa moja asubuhi.
Wamenunia hina ya kucha zangu,
wamenivua pete kwa sabuni.
Mwenzangu wa kitanda cha dirishani kalalamika,
nani huyu kaja na saa ya ukutani?
Nikamwambia, ni mimi.
Akacheka, kisha akanyamaza,
nadhani akawa anahesabu.

Kidonge, usidhani nimekupa kisogo.
Siku watakayosema mshono umetulia
Mwanasiti atafungua droo.
Rejea haitaki mahari mpya
wala shehe wala ubani.
Yataka glasi moja ya maji,
na maji, tangu saa sita hii ya usiku,
wamenikataza.