Viazi vya Jana

Wiebke hakaangi viazi vilivyochemshwa leo.
Vya leo vinavunjika, asema, bado vina papara.
Vya jana, vilivyolala na maganda yao
bakulini, kando ya dirisha lenye barafu la Bremerhaven,
hivyo ndivyo hukubali kisu.

Mafuta ya nguruwe, kijiko kimoja.
Kikaango cha mama, kizito kama deni.
Vipande vinalala kifudifudi. Usivikoroge.
Hapo ndipo wengi hushindwa: mkono haujui kutulia.

Kitunguu mwisho. Kikitangulia kinaungua,
na uchungu ule hauondolewi na chumvi.

Detlef amekaa na koti lake mwilini.
Miaka minne, tangu nyumba ya baba iuzwe,
hawajasemezana ila kwa barua za wakili.
Anatazama kitunguu kikilegea, kikishika rangi ya shaba.

"Baba alikuwa akitia kitunguu kwanza."
"Na mama alikuwa akila kilichoungua," ajibu Wiebke, "kimya."

Mafuta yanalia peke yao.

Kisha Detlef avua koti, achukua uma,
aanzia pembeni,
penye ukoko.