Pafu la Kondoo

Jumatatu ile Mwalimu Burulsun aliingia na beseni,
si chaki.
Ndani, juu ya gazeti la wiki iliyopita,
pafu la kondoo, bichi, bado linafuka mvuke.
Nje ya dirisha theluji ya Naryn ilifika magotini.

Tukacheka. Nani asiyelijua?
Bibi hulijaza maziwa na siagi, akalifunga uzi,
likachemka polepole hadi wageni wafike.
"Leo haliliwi," akasema. "Leo linafanya kazi."

Akaifungua kalamu ya Temir, akatoa wino,
akabaki na mrija mtupu.
Akauchomeka kwenye koo la pumzi, akakaza kwa kamba ya kiatu,
kisha akatutazama mmoja mmoja
kama anayechagua farasi.

"Cholpon. Puliza."

Cholpon, ambaye tangu Septemba hakuwahi kunyoosha kidole,
akavimbisha mashavu.
Na ile nyama iliyolala ikaamka.
Ikapanda, ikapauka, ikawa waridi,
ikafurika ukingoni kama unga uliotiwa hamira,
sisi wa nyuma tukapanda juu ya madawati.
Alipoacha, ikashuka yenyewe, fyuuu,
ikampumulia usoni.

Tukakata kipande, tukakitupa kwenye ndoo: kikaelea.
Tukatupa cha ini: kikazama.
Hakutuambia kwa nini. Alingoja.
Jiko la makaa lilinguruma. Akangoja tena.
"Kimebeba hewa," akasema Temir,
kama mtu aokotaye sarafu asiyo na hakika ni yake.

Ndipo mimi nikauliza, sijui kwa nini kwa sauti kubwa vile:
"Na la baba yangu, lingeelea?"

Baba alichimba makaa miaka kumi na tisa.
Usiku kikohozi chake kiligonga ukuta
nasi tukijifanya tumelala.

Mwalimu hakukimbilia kitabu.
Alichukua kipande kingine, akakisugua
kwa vumbi la jikoni, akanipa nioshe.
Nikaosha. Nikaosha. Maji yakawa meusi,
vidole vikafa ganzi.
Juu, weusi ulitoka.
Ndani ya vitundu, haukutoka.

Akaniwekea mkono begani, ukinuka kondoo.

Jioni baba aliamka akanikuta
sikio nimelibana kwenye sweta yake.
"Unatafuta nini humo?"
"Nyamaza, baba," nikamwambia.
"Puliza."