Gurudumu Lisilopata Moto

Mwanzo tuliulaumu upepo.
Hapa Chubut upepo hulaumiwa kwa kila kitu:
supu iliyopoa, mwanakondoo aliyepotea, ndoa ya binti wa Pritchard.
Basi nilipokanyaga breki kwenye mteremko wa daraja
na pikapu ikaruka kulia kama farasi aliyeona nyoka,
nikasema: upepo.
Nikasali kwa Kiwelisi, nikatukana kwa Kihispania,
nikashika usukani kwa mikono miwili hadi nyumbani.

Lakini Jumanne hapakuwa na upepo.
Moshi wa jiko ulisimama wima kama nguzo,
na pikapu ikavuta kulia vilevile,
ikanitia vichakani pamoja na marobota tisa ya sufu.

Jirani Nahuelquir akaja, akapiga tairi teke
(wote huanza kwa teke),
akapima upepo, upepo tena! wa matairi: sawa.
Akalitikisa gurudumu la kulia: imara.
"Linalovuta ndilo lenye kosa," akasema. "Badilisha pedi za kulia."
Nikauza kondoo dume mmoja, nikabadilisha.
Ikavuta kulia zaidi,
kwa nguvu mpya niliyoinunulia mwenyewe.

Nina wana wawili.
Gwilym hupayuka: bei ya sufu, ua lililoanguka,
deni aliloacha baba yake. Hugonga meza kwa kijiko.
Idris, tangu tulipomzika baba yao mwezi wa Julai,
hula, huosha sahani yake, hulala.
Nami, kama bonde zima, nilisema
Gwilym ndiye anayeipinda nyumba.

Alasiri moja niliendesha hadi zizi la mbali na kurudi,
nikikanyaga breki bila sababu, kondoo wakinishangaa,
kisha nikashuka, nikayagusa magurudumu kwa mgongo wa kiganja
kama unavyompima mtoto homa.
La kulia: kikaango.
La kushoto: jiwe la kisima.

Nilikaa palepale kwenye changarawe.
Lile la kulia halikuwa na kosa.
Lilikuwa likifanya kazi ya mawili.

Jeki, na gogo chini ya ekseli, maana jeki siiamini.
Nati sita. Gurudumu chini.
Pedi za kushoto nene kama zilivyotoka dukani, miaka minne iliyopita.
Kalipa inateleza vizuri kwenye pini zake.
Nikalegeza skrubu ya kutolea upepo: tone moja.
Tone la pili lilifikiri kwanza.
Nikaufuata mpira wa breki kwa vidole:
mweusi, laini, hauna ufa.
Nikaung'oa, nikaukata kwa kisu cha kuchinjia.
Ndani ulikuwa umevimba, tundu limebaki la sindano.
Nguvu yote ya mguu wangu ilikuwa ikifika pale,
ikibisha hodi,
ikirudi.

Mpira mpya ulikuja kwa basi la Trelew, umeviringwa gazeti.
Kuufunga naweza peke yangu.
Kutoa upepo siwezi:
mmoja akanyage, mwingine afungue,
na sharti waitane.
Gwilym alikwisha shika mlango wa dereva, anatoa maelekezo.
Nikamwambia, "Wewe pumzika, mwanangu."
Alinitazama kama mtu aliyetuliwa gunia begani.
Nikamwita Idris.

Mimi chini, shavu kwenye tope, spana mkononi.
"Kanyaga."
Kimya.
"Idris, ukikanyaga uniambie. Nisipojua, upepo unarudi ndani."
Kimya. Kisha, kwa sauti yenye kutu:
"Nimekanyaga."
Nikafungua. Mapovu, mapovu, mafuta machafu rangi ya chai.
Nikafunga. "Achia."
"Nimeachia."
"Kanyaga."
"Nimekanyaga, Mama."

Mara ishirini na moja. Nilihesabu.
Mapovu yaliisha mara ya tisa.