Dirisha la Igogo

Nilihamia Igogo na godoro, jiko la gesi lisilo na mtungi,
na ndoo tatu walizonibebea vijana wawili,
maana gari liligoma kule chini, pale barabara
inapokutana na mawe ikakubali yaishe.
Huku juu nyumba zimesimama kama mbuzi,
kila moja na jiwe lake.

Siku ya kwanza nilikula mkate.
Ya pili, mkate.
Ya tatu nikamwuliza fundi viatu, Lushinge:
hapa mtu anakula wapi?
Akanitazama kama niliyeuliza mtu anapumulia wapi.
"Inategemea una njaa gani.
Ya haraka, shuka kwa Sayi, chapati na maharage,
ila usimsemeshe kabla ya saa tatu.
Ya mwisho wa mwezi, michembe ya bibi Holo, pale bombani.
Ile njaa yenyewe…"
akalamba uzi, akaupenyeza sindanoni,
"hiyo utajijua."

Basi nikazunguka.
Kwa Sayi sikumsemesha. Chapati zilisema kwa niaba yake,
tabaka juu ya tabaka, kama barua iliyokunjwa na mwenye siri.
Bibi Holo alinionjesha mchembe mmoja, akaniuzia karanga,
akanifundisha kuitika mwangaluka vizuri,
na kwa somo hilo hakudai senti.
Kuna hoteli yenye kibao na vitambaa vya plastiki,
vyakula kumi na sita vimeandikwa ukutani kwa rangi ya mafuta:
wali umeisha, ndizi bado, samaki kesho.
Soda ipo, ya moto.
Jioni nilinunua furu wa kukaanga kwenye gazeti,
nikawala nikisoma tangazo la mnada wa juzi
lililokuwa likizama polepole kwenye mafuta.

Na muda wote huo nilikuwa na ugomvi na moshi.
Kila magharibi ulipanda kutoka nyuma ya jiwe,
ukaingia dirishani bila hodi, ukalala kwenye mashuka yangu.
Nikaziba ufa kwa kanga kuukuu.
Nikamshtakia mwenye nyumba.
Akacheka hadi akakohoa: "Moshi huo una wenyewe."
Wiki tatu nilifunga dirisha,
nikalala na joto langu na msimamo wangu.

Halafu usiku mmoja umeme ukakatika.
Feni ikafa. Mawe yakaanza kurudisha jua
waliloazimwa mchana, na kwa riba.
Nikafungua.
Kwa mara ya kwanza niliunusa moshi bila kuutukana:
chini yake palikuwa na sato,
chini ya sato limao, pilipili iliyoungua kidogo upande mmoja,
na mwiko ukigonga sufuria, ule mgongo mzito
wa ugali wa muhogo unaokaribia kuiva.
Mimi ni mtu wa Tabora. Nimelelewa kuogopa miiba.
Nilishuka kwa tochi ya simu, mkono mmoja kwenye jiwe,
makalio yakitangulia pale miguu ilipokataa.

Mabenchi mawili. Kibatari. Watu kumi na moja kimya.
Lushinge alikuwemo, uso sahanini.
Akajisogeza bila kuinua kichwa:
"Umechelewa."

Mama mmoja aligeuka kutoka kwenye makaa.
"Wewe ndiye wa dirisha," akasema Nyanjige,
na halikuwa swali.
Nikatafuta uongo, sikuupata.
Akanipa kichwa cha sato. Mgeni, alisema, aanze na kichwa,
mkia hauna maneno.
Nilikula mashavu, nikala mpaka jicho,
nikanyonya mifupa midogo kwa sauti ambayo mama yangu
angenifukuzia nje.
Hakuna aliyenitazama. Wote walikuwa wanasema lugha hiyohiyo.

Pale hapana kibao. Pana daftari,
la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma,
na humo, kati ya Fundi na Mama Pacha,
ameniandika kwa kalamu ya bluu:
Dirisha, elfu nne.

Mshahara umeingia tangu Ijumaa.
Bado sijalipa.