Jiwe la Lango la Kusini

Gazeti la Jumatatu lilinifikia likiwa limefungiwa mahamri.
Mafuta yalikuwa yamekula nusu ya kichwa cha habari;
nusu iliyobaki ikasema: AUZA MECHI.
Wino mwekundu, alama tatu za mshangao
zimesimama kama askari wa kanjo mlangoni.
Chini yake Tsuma, kipa wetu, mdomo wazi, macho yamefumba:
picha ya mwaka juzi, alipokuwa akipiga chafya.

Namjua aliyeandika. Bwana Shekuwe, wa ukurasa wa nyuma.
Jumapili hakufika Mikindani.
Alikuwa Nyali, chini ya kiyoyozi,
akimpigia simu mtu aliyepigiwa simu.
Lakini aliandika “duru za kuaminika zinaarifu”,
na duru hizo zikazunguka, zikazunguka,
mpaka Changamwe nzima ikashikwa na kizunguzungu.

Mimi nilikuwepo.
Nyuma ya lango la kusini, juu ya ndoo iliyopinduliwa,
na simu yangu yenye ufa toka pembe hadi pembe.
Mimi ni fundi cherehani. Ile namba moja mgongoni mwa Tsuma
nimeishona mimi, uzi maradufu, bila malipo.
Niliuona mpira ukija chini chini, goigoi,
mpira wa kudakwa na mtoto,
ukagonga jiwe la matumbawe lililochomoza,
ukamruka begani kama panzi.
Dakika ya themanini na nane.
Uwanja mzima ukasahau kupumua.

Usiku nikaurusha mkanda. Sekunde kumi na tisa.
Nikaandika tu: Tazameni jiwe.
Chumvi sikutia.
Alfajiri, kabla sijachota maji, mlinzi mmoja wa zamu huko Doha
alikuwa ameupunguza mwendo, akachora duara jekundu;
mama wa Jomvu akatoa upande wa pili,
ameunasa toka dirishani, kanga za kuanika zikipepea mbele.
Mhariri hatukuwa naye. Tulikuwa na macho.

Jumatano gazeti likajikohoza:
mistari mitatu, kando ya tangazo la dawa ya kunguni.
“Kipa adai ni jiwe.”
Adai!
Kana kwamba jiwe lenyewe halijasema.

Ningeishia hapo ningelala vizuri.

Lakini kusomwa ni kama mnazi:
kikombe cha kwanza unakinywa, cha pili kinakunywa.
Ijumaa wafuasi elfu kumi na moja waliniuliza, leo una nini?
Sikuwa na kitu. Nilikuwa na sare tatu za shule na pindo la pazia.
Ndipo nikamkumbuka refa, Mwarandu,
nilivyomwona kibandani na kocha wa wale wa Likoni,
wakinywa soda. Soda ya machungwa. Jua lilikuwa kali.
Nikaandika: Refa na kocha, walikuwa wakijadili nini???
Alama tatu. Wakati ule sikuzihesabu.

Kufika magharibi walishapata namba yake,
duka la mkewe, shule ya mwanawe.
Na yule mlinzi wa Doha, yule yule, mkono ule ule,
akachora duara jekundu kuzunguka chupa.

Nilifuta.
Wenye kunakili walikuwa wamenakili.
Shekuwe naye akaniita, kwa wino, duru ya kuaminika.

Jumapili nikaenda uwanjani mapema.
Mwarandu alikuwa amekaa peke yake ukingoni,
anafunga kamba za viatu, anazifungua, anazifunga.
Nilipita. Salamu ilinikwama.
Langoni Tsuma amepiga magoti, mtaimbo mkononi,
analichimbua lile jiwe.
Kumbe tulichokiona ni kidole tu;
mkono wenyewe uko chini, na sijui kama hauna bega.

Nikatoa simu. Mazoea.
“Usipige picha, da Mwanakombo,” akasema, kichwa hakuinua.
“Shika huku.”

Nikaitumbukiza simu kwenye ndoo.
Tukavuta.
Halijatoka.