Kata: Alama Mbili

Swali la tisa, sehemu ya pili:
Tunga sentensi mbili kudhihirisha
maana mbili tofauti za neno kata.
Nililitunga mwenyewe, haraka haraka, chai ikichemka,
na sasa nina karatasi arobaini na sita,
kalamu nyekundu na mshumaa,
kwa kuwa hapa Shibale stima imekatika tangu saa moja.

Wengi wameandika: Baba alikata miwa.
Naweka tiki. Mimi ningeandika nini kingine?
Baba alikata miwa,
panga lenye mpini wa mpera,
masizi ya shamba lililochomwa hadi ndani ya masikio.
Akirudi, mama alimkata kiu kwa kata ya kibuyu.
Hapo maana mbili zimetimia, na sentensi ni moja.

Kitovu changu kilikatwa na mkunga Nabutola
kwa wembe ulionunuliwa kwa mkopo.
Dada alipoolewa Matungu
mama alikata mauno hadi shehe akatazama paa.

Halafu mwisho wa msimu, karatasi ya malipo:
mbegu, kata. Mbolea, kata.
Trekta la kulima, kata. Trekta la kubeba, kata.
Chini kabisa iliandikwa kwamba Osundwa
ndiye anayedaiwa,
shilingi mia moja na kumi na mbili.
Akainama juu yake kama mtu aliyedondosha sindano.
"Hayo ni makato, mzee," karani akasema,
akayakata mazungumzo kwa kufunga dirisha.

Baba aliamini mkataba umezaliwa na kata.
"Sikiliza neno lenyewe," aliniambia,
"panga limo humo ndani."
Mimi nimesoma chuo. Najua asili yake ni Kiarabu,
ni neno la kuandikiana, halina ukoo na panga.
Nikanyamaza.
Ningemkata alama kwa lipi?

Alikata rufaa yeye na wenzake kumi na mmoja.
Alikata tikiti ya basi kwenda Kakamega mara saba,
koti lile lile, bahasha ile ile,
kuambiwa jaji hayupo.
Mara ya nane hakukata tikiti.
Alikata shauri.

Aling'oa miwa. Sisemi alikata: aling'oa,
kisiki baada ya kisiki, kwa jembe la meno,
maana muwa ukiukata tu unachipuka
na mwaka ujao unakuita kwa jina.
Akapanda viazi vitamu, na maharagwe kingoni.
Chifu wa kata akapita, akayatazama mashimo, akatikisa kichwa.
Majirani wakasema Osundwa amekata tamaa.
Walisikia vibaya.
Mwishoni mwa kata ongeza irabu moja.

Nambari thelathini na moja, Mideva Consolata,
anayekaa karibu na mlango, anayeandika kwa penseli:
(i) Tulimpigia baba simu ikakatika.
(ii) Tulipiga tena.

Basi. Hakuna zaidi.
Mwongozo wa kusahihisha nimeuandika mimi,
na kwa mwongozo huo la pili ni sufuri:
neno halimo.
Nakata kwa wino mwekundu, nusu,
mkono unasimama.
Nta inadondoka juu ya jina lake.

Narudi pale kwenye nukta, baada ya ikakatika.
Naichorea mkia mdogo, iwe mkato,
sentensi ya kwanza iendelee hadi ya pili.
Alama mbili.
Mwalimu mkuu akiuliza, nitajua la kusema, au sitajua.

Zimebaki kumi na tano.
Saa nne na robo, mshumaa umefika kwenye kisahani.
Yeye hulala mapema siku hizi,
simu anaiweka ndani ya kikombe cha bati
ili aisikie.
Natafuta namba.
Inaita.