Mita Mia Saba na Kitu

Bi Henrike kashuka basi la Masasi
na buti zilizokwisha kuiona Tibeti,
vidonge vya kichwa ndani ya kikopo cha bati,
na swali, kabla hata sijamaliza shikamoo:
"Mlima wenu una mita ngapi?"

Mia saba na kitu, nikasema.
Akacheka, si kwa dharau.
Kule, akasema, mita mia saba ni shimo.
Kule unapanda siku tisa nyuma ya mtu asiyesema,
ng'ombe wenye manyoya kama mazulia wamebeba mahema,
na hewa inakuwa nyepesi kama uji wa mwaka wa njaa:
unavuta mara tatu upate pumzi moja.

Sikubisha. Mimi ni Selapiusi Nambunga,
muongoza njia, elfu ishirini kwa siku, chakula juu yako.
Mgeni akija kupima genge langu kwa rula yake
namwacha apime.

Tulitoka Ndanda kengele ya alfajiri ikilia.
Watawa waliimba kwa sauti za watu walioamshwa,
na Bruda Kasto wa bustani
akaturushia machungwa mawili juu ya ukuta,
akauliza kama tuna kiberiti.
Bi Henrike alisimama kusikiliza.
Kule pia, akasema, wanaimba kabla ya jua;
sauti zinatoka chini kabisa,
kama mtu anasukuma kabati usiku.
Nililipenda kabati hilo.
Nilipanda nalo mpaka kona ya nne.

Kona ni kumi na saba. Hazimo kwenye ramani.
Mama alizihesabu kwa kushuka,
maana juu kwetu hakukuwa na maji:
uwanda wa Makonde unakunywa mvua yote
na haurudishi chenji.
Jogoo wa kwanza, wanawake wanashuka.
Jua la utosi, wanapanda,
ngata, mtungi juu ya ngata, mtoto mgongoni
(mtoto huyo mimi, nikilamba jasho la shingo yake),
na shingo hiyo haigeuki
hata ukiita jina lake la utotoni.

Kona ya tisa pana jiwe.
Juu yake kuna mabakuli matatu madogo
yaliyochimbwa na vitako vya mitungi,
mapumziko juu ya mapumziko.
Bi Henrike aliyapitisha kidole.
Akaokota kokoto, akaiweka katika bakuli la kati,
kama wanavyofanya kule njia inapovuka mlima,
akapiga ukelele wa kule, mrefu, mikono juu.
Nyani wakamjibu.
Sikujua nicheke au nivue kofia.

Juu, ukungu ulikuwa haujatoka mikoroshoni.
Siku hizi bomba lipo.
Lipo, limesimama pale,
na jana lilitoa maji mpaka saa nne.

Akafungua chupa, akainamisha kichwa,
akaanza kujimwagia shingoni.
Mkono wangu ulikwenda wenyewe.
Nilimshika kifundo, kwa nguvu,
mimi, ninayelipwa kwa adabu.
Nikaachia. Nikasema samahani.
Maji yalikuwa yameshaingia mchangani,
doa dogo tu, likafifia tukiliangalia.

Alifunga kizibo taratibu.
"Mtungi wa mama yako," akauliza,
"ulikuwa lita ngapi?"

Ishirini na kitu, nikasema.
Safari hii hakucheka.

Wakati wa kushuka akavua skafu,
akataka nimwonyeshe ngata inavyosokotwa.
Akaiweka kichwani, tupu, bila chochote juu yake,
akashuka shingo ikiwa wima kama nguzo ya simu,
akihesabu kona kwa lugha ya kwao.
Ya kumi na moja akairuka.

Sikumsahihisha.
Mama naye aliiruka hiyohiyo, kila siku,
makusudi,
ili njia ipungue.